Unalia, na Gari Liko Upande Gani?

Hita ya maji ilipasuka Jumapili, na mpaka Jumatano fundi bomba alikuwa bado anasema, "Bukra, inshallah," na kesho yenyewe haifiki. Kila alfajiri Fawziya alichemsha maji, akayachanganya kwenye ndoo, akamwekea mama mkwe wake mlangoni mwa choo apate kutawadha. Nyumba za Nizwa zimejengwa kupambana na jua. Baridi ikishaingia ndani ya zile kuta za saruji, haitoki mpaka Machi.

Bi Shukriya, huyo mama mkwe, alizaliwa Malindi, Unguja mjini. Umri wote aliokaa Oman haukumfanya aizoee Januari. Alishinda sebuleni amejifunika mablanketi mawili, miguuni soksi za mwanawe, akiuliza, "Huyo fundi kwani anakuja kwa kutambaa?"

Ilikuwa likizo ya nusu mwaka, na Fawziya, mwalimu wa sayansi, alikuwa ameingoja kwa hamu. Alidhani atalala. Badala yake dari ya jikoni ilivuja kwa mvua ya wiki iliyopita, mlango wa friji ukakataa kufunga, halafu hita. Mumewe, Khelef, kazi yake iko Sur, huko pwani, nyumbani huja wikiendi. Mtoto wao wa pekee, Muadh, alioa mwezi wa Oktoba akahamia Maskati na mkewe. Tangu hapo Fawziya alikuwa akiamka na uzito kifuani asioweza kuueleza. Si maradhi, si msiba. Alijiambia ni baridi.

Jumatano hiyo walikuwa na safari ya Manah, kumhani jamaa yao aliyefiwa na mume. Gari likakataa kuwaka. Jirani akaja na nyaya zake, akalibusti, likanguruma. Wakatoka, Bi Shukriya nyuma na mablanketi yake na chupa ya kahawa mapajani. Hawajafika hata nusu ya njia, mshale wa joto ukapanda, na moshi mweupe ukafumuka kwenye boneti.

"Gari linaungua!" akapiga kelele Bi Shukriya.

"Haliungui, Mama. Ni mvuke."

"Mvuke ndio nini kama si moto?"

Fawziya aliegesha pembeni, akashuka. Upepo kutoka milimani ulimkata masikio. Akampigia Khelef simu.

"Umeangalia maji ya rejeta?" akauliza Khelef.

"Sijafungua, bado ina moto."

"Usifungue! Mshale umefika wapi? Feni ulikuwa unaisikia? Si nilikwambia juzi ulipeleke kwa fundi wa magari?"

"Juzi nilikuwa na ndoo mkononi, Khelef, nambebea mama yako maji."

"Haya, sasa sikiliza. Angalia chini, yanavuja rangi gani?"

Fawziya hakuangalia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na yeye mwenyewe hakujua yameanza saa ngapi. "Khelef," akasema, "mimi nalia."

Khelef akasema, kwa sauti ya mtu anayejitahidi, "Unalia, na gari liko upande gani wa barabara?"

Fawziya akamkatia simu. Akaizima kabisa, akaitupa kwenye kiti. Bi Shukriya alikuwa amesikia yote kupitia dirishani.

"Kakuuliza gari liko wapi?"

"Ndiyo, Mama."

"Mjinga huyu," akasema Bi Shukriya, akammiminia mkwewe kahawa.

Lori la maji ya chupa lilitokea upande wa Nizwa, likapunguza mwendo, likasimama mbele yao. Dereva, kijana wa Tanuf aliyejitambulisha kwa jina la Sinan, alimwamkia Bi Shukriya kwa Kiarabu, "Habari ya asubuhi, khala," kama mtu na mama yake mdogo, kisha akangoja gari lipoe. Maji mengine hakuwa nayo ila ya biashara. Akapasua katoni, akaanza kufungua vichupa vidogo kimoja kimoja, akivimimina kwenye rejeta. Fawziya akamsaidia. Walisimama hapo wawili, wakifungua na kumimina, na vifuniko vikajaa mfukoni mwa abaya yake. Sinan alikataa malipo. Akawashauri warudi nyumbani taratibu, Manah wangoje siku nyingine.

Walirudi. Fawziya aliegesha uani, akaingia chumbani na abaya yake, akalala juu ya kitanda bila ya kuvua viatu. Chakula cha mchana hakupika. Bi Shukriya alikula tende na mkate, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakulalamika.

Alasiri Fawziya alisikia mlio wa gari. Akachungulia dirishani. Khelef alikuwa ametoka Sur kwa kupitia Ibra, mwendo wa saa tatu barabarani, na hakuja mlangoni. Alikuwa amekwishafungua boneti ya gari la Fawziya, kichwa kimezama ndani.

Fawziya alitoka, akamgusa begani, akaishusha boneti mwenyewe, pa!

"Ingia ndani," akamwambia.

"Naona mpira wa rejeta ndio..."

"Khelef. Ingia ndani."

Wakakaa jikoni, chini ya doa la dari. Fawziya akasema yote aliyokuwa ameyafungia: nyumba ilivyokuwa kimya tangu Muadh ahame, anavyoamka tayari amechoka, na kila mtu anavyomuuliza habari ya hita, ya gari, ya dari. "Mimi hakuna aliyeniuliza."

Khelef alitazama mikono yake yenye mafuta. "Hilo sijui kulitengeneza," akasema.

"Sijakwambia ulitengeneze. Kaa tu."

Akakaa. Alitaka kusema kitu kuhusu ile dari, alionekana kabisa, akajizuia.

"Zimebaki siku ngapi za likizo?" akauliza baadaye.

"Kumi."

"Sur hakuna baridi hii."

Fawziya alimtazama. "Na fundi bomba?"

"Atakuta pamefungwa. Tumemngoja vya kutosha, na yeye atungoje."

Asubuhi yake Fawziya alifunga bomba kuu, akafunga mlango, akaliacha gari lake uani kama lilivyo. Bi Shukriya alikuwa wa kwanza kuingia kwenye gari la mwanawe, na mablanketi yake yote mawili.

Chumba cha Khelef kule Sur kilikuwa kidogo, na mlango wa barazani haukufunga vizuri. Ulikuwa ukipigapiga kwa upepo wa bahari. Khelef alimtazama mkewe kwa wasiwasi.

"Huo mlango ni wako wewe," akasema Fawziya, akajilaza, akalala mpaka adhuhuri.