Akaba ya Inchi Nne

Mlima wa kwanza nilioujenga Maskati ulikuwa na kosa la inchi tano, na kila aliyeuona aliusifu.

Ulikuwa mwaka wangu wa nne tangu kutoka Unguja. Nilikuwa na miaka arubaini na moja, karani wa ghala katika kampuni ya ujenzi, mtunzaji wa misumari na mabomba. Kazi niliyoitaka ilikuwa chumba cha pili, kwenye meza ya kuchorea ramani. Kuchora nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vikuukuu na rula, na sikuwa na cheti hata kimoja cha kuonyesha. Mkuu wa meza ile, mpima ardhi wa Kiingereza, alikuwa na mchezo wake wa siku za mapumziko: vita vya kale vinavyochezwa juu ya ubao kwa askari wadogo wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa pingili ya kidole gumba. Askari alikuwa nao sanduku zima, Wareno na Waarabu. Alichokosa ni ardhi ya kuwasimamisha. Siku aliponikuta ghalani nikichora ghuba ya Maskati nyuma ya mfuko wa saruji, alinipa sharti. Nimjengee Maskati kama ilivyokuwa Wareno walipotolewa, iwe tayari kabla hajaenda likizo. Ardhi ikiwa sawa, ataniombea ile meza. Isipokuwa sawa, nitabaki ghalani.

Nilijenga katika chumba cha mbele, nyumbani kwa shangazi wa mke wangu, aliyetupokea tulipofika. Ubao ulikuwa futi nne kwa sita, mbao za makasha ya chai. Kipimo nilikiweka inchi moja kwa yadi ishirini, ya kulala na ya kusimama sawasawa. Milima niliipanga kwa tabaka za kartoni, moja juu ya nyingine kama chapati, kila ya juu ndogo kuliko ya chini, kisha nikapaka jasi. Rangi sikununua. Nilileta mawe ya mlima wenyewe, nikayaponda kwenye kinu, nikayachekecha kwa chungio la unga la mke wangu, ambalo hakulitumia tena, na vumbi lile nikalinyunyizia juu ya gundi mbichi. Jabali la Maskati lina rangi ya chuma kilichokaa nje miaka mingi. Hakuna kopo la rangi linaloipata.

Ngome mbili, ukuta wa mji na ufuo nilivipima kwa hatua zangu na sikuwa na wasiwasi navyo. Milima ya nyuma niliipima kwa macho. Hapo ndipo palipokuwa na kosa, nami sikulijua. Mpima ardhi alipita siku moja kazi ikiwa nusu, akasimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akasema milima ile inatisha, niiache hivyo hivyo. Nilifurahi siku nzima.

Kilichonikera ni mchezo wenyewe. Katika sheria alizonifundisha, mteremko unaopanda zaidi ya inchi moja kwa kila inchi tatu askari hapiti. Nilijaribu vita mara mbili peke yangu, vifungo vya shati badala ya askari, na mara zote mbili Waarabu walikwama nyuma ya mlima na Wareno wakakaa raha mustarehe ngomeni. Nikajiambia labda vita vile vilikuwa vigumu kuliko tunavyohadithiwa.

Zikiwa zimebaki siku nane, shangazi aliingia kutafuta chungio. Alizaliwa na kuolewa Yiti, kijiji cha pwani kusini ya mji, kisha akahamia Unguja na mumewe, akakaa huko miaka thelathini kabla ya kurudi. Aliinama juu ya ubao, akauliza hili nini na lile nini, akafika kwenye akaba, njia ipandayo na kupita juu ya mlima kuingia mjini kwa upande wa kwao.

"Hii ndo akaba yetu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi punda wetu walikuwa na mbawa."

Mke wangu akacheka kule uani. Nikamweleza shangazi, kwa adabu, kwamba huu ni mlima wa vita, na kwamba mpima ardhi mwenyewe ameshausifu.

"Huyo kapanda na kapu la samaki wa ng'onda kichwani? Mie nikipanda hapa nna mimba ya miezi sita, na sikukaa kitako hata mara moja. Mlima wako huu, baba, ungeniua."

Alilichukua chungio, akaona vumbi la mawe, akalirudisha mahali pake.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwenye akaba. Jicho langu liko futi tano kutoka ardhini. Hilo nilikuwa nimelipima zamani. Nilichukua chupa bapa ya dawa, nikaijaza maji na kuacha kiputo cha hewa. Chupa ikilazwa mbele ya jicho na kiputo kikitulia katikati, unatazama sawa na upeo. Jiwe unaloliona mbele yako kwenye mstari ule liko futi tano juu ya nyayo zako. Unakwenda kusimama juu yake, unahesabu moja, unatazama tena. Nilipofika kumi na tisa, askari wa doria alinisimamisha. Siku zile mtu aliyeweka kitu jichoni mlimani alikuwa na maswali ya kujibu. Nikamwambia napima njia ya punda. Akaitazama chupa, akainusa, akaniacha.

Nilifika juu kwa hesabu ya arubaini na nane. Futi mia mbili na arubaini. Kwa kipimo changu ni inchi nne. Kwenye ubao ilikuwa tisa.

Nilikaa pale juu nikijua sababu. Unguja, kilima cha kuchosha miguu tunakipa jina na kukisimulia. Macho yaliyokulia kwenye kisiwa kile yakiona jabali la Maskati, hulikuza kabla ya kulipima.

Mke wangu alinishauri niuache mlima. Mwenye kuhukumu kaupenda, alisema, na siku zimebaki chache. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini niliomba meza ya ramani, na mlima wa inchi tisa ulikuwa uongo wenye gundi nzuri. Nilichukua msumeno nikaukata. Siku sita nilipanga tabaka upya, nikapaka, nikaponda mawe.

Mpima ardhi alikuja siku ya mwisho na sanduku lake. Uso wake ulibadilika mlangoni. Akaniuliza, kwa Kiarabu chake cha kazini, mlima umekwenda wapi. Nikamwambia ulikuwa wangu, huu ndio wa Maskati. Alitoa rula, akapima akaba, kisha akafungua daftari lake la kazi, maana njia ile aliwahi kuipima kwa darubini ya kampuni. Nyuma ya pazia nilisikia bangili za shangazi zikitulia.

Daftari lake lilisema futi mia mbili na thelathini na sita. Aliuliza nimetumia chombo gani. Nikamletea chupa ya dawa. Aliilaza mbele ya jicho, akatazama ukutani kwa muda mrefu.

"Jumamosi njoo chumba cha pili," akasema. "Uje na chupa yako."

Kisha tulipanga askari. Waarabu walipanda akaba kwa zamu tatu, wakashuka nyuma ya ukuta, na kabla ya adhana ya alasiri ngome ya kwanza ilikuwa yao.

Alipoondoka, shangazi alitoka kuutazama ubao tena. Alipitisha kidole juu ya njia, polepole, kutoka chini mpaka juu.

"Sasa ndiyo," akasema. "Punda wako wapi?"

Niliwachonga wawili kesho yake, kwa nta ya mshumaa.