Kibao Hakikutaja Pombe

Mwaka wa 1994 serikali iligundua dawa za kienyeji, ambazo watu wa Kanja walikuwa wakizinywa tangu zamani bila ruhusa. Ofisi ya utamaduni ikamtuma Bwana Muchangi, naye akamtafuta Wambeti.

Wambeti alitibu matumbo. Mumewe alikuwa amekufa na kahawa hailipi, kwa hivyo wagonjwa ndio waliomlisha. Aliwachemshia magome ya muthiga kwenye supu ya mifupa ya mbuzi, na kabla hawajaonja aliwahoji jikoni mwake kwa sauti iliyofika barabarani: umekula nini, umekunywa na nani, nyumbani umeacha nini. Majibu hayakuwahi kumpendeza, basi aliwakaripia mpaka jasho likawatoka. Jina la mti hakulitaja kamwe. Waganga wenzake nao walificha, na kwa sababu nzuri: ulikuwa mti wa kawaida.

Lakini semina ya serikali ilikuwa na chai ya maziwa, na Bwana Muchangi alimwita "daktari" mbele ya watu. Wambeti akataja yote.

Baadaye bustani ya dawa ikafunguliwa kwenye kambi ya chifu, kila mti na kibao chake: jina, ugonjwa, namna ya kuchemsha.

"Kumbe ni muthiga!" akasema Kithaka, mlevi aliyekuwa mgonjwa wake wa miaka mingi. "Si huu ndio tunafungia mbuzi?"

Jiko la Wambeti likabaki na kuku. Supu akainywa mwenyewe mpaka mifupa ikaisha, kisha akazoea chai ya rangi isiyo na sukari.

Wa kwanza kurudi alikuwa Kithaka, ameshika tumbo.

"Cucu," alisema, kama wote walivyomwita bibi huyo, "nimekunywa ile ya kibao. Wapi!"

"Na pombe?"

"Kibao hakikutaja pombe."

"Mjinga wewe! Hilo ni tumbo ama ni mtaro wa soko? Mkeo anavuna maharagwe peke yake, wewe unavuna vichupa!"

Kithaka aliinamisha kichwa kama mtu anayekandwa mgongo.

"Hapo hapo, Cucu," alisema. "Endelea."

Wengine wakafuata, wengi wakija na magome yao wenyewe. Mwishowe akaja Bwana Muchangi, tai shingoni, vidonda vya tumbo ndani.

"Nimefuata maelezo yetu yote, daktari."

"Daktari ni kibao chako. Keti. Jana ulilala wapi?"

Bwana Muchangi akainuka, akafunga mlango.

"Fungua," alisema Wambeti, akikoroga supu. "Majirani wasiposikia, haifanyi kazi."