Hamali Aliyenunua Vidonge vya Bahari Bila Safari

Meli imeshafunga gati la Mkoani na jua ndiyo kwanza linachomoza. Abiria wanashuka wakisukumana. Mahamali wawili wamesimama mbele ya sanduku la mbao lililokazwa kamba. Mpiko umekwisha kupitishwa, ule mti mnene unaokaa mabegani mwa watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mwenye sanduku anawahimiza, lakini hawainui.

"Umelala?" anauliza wa nyuma.

"Nimelala," anajibu wa mbele.

"Wallahi?"

"Wallahi nimelala, yakhe. Twende."

Hapo ndipo sanduku linapoinuka. Wanateremka nalo kwenye ubao mwembamba unaotoka melini hadi gatini, hatua zao zikienda sawa, na chini yao maji ya kijani yanapiga nguzo.

Mwandishi wa habari hizi, aliyekuja na meli hiyo, alisimama kando akasikiliza. Mzigo wa pili, swali lile lile. Wa tatu, vilevile. Kuulizana umelalaje ni salamu ya kila nyumba hapa Pemba, na jawabu lake liko tayari mdomoni hata kwa mtu aliyekesha na jino. Lakini salamu haiapiwi. Kwa nini hawa wawili waapishane juu ya usingizi kila wanapoinua mzigo?

Wa mbele ni Mjaka Jaribu, mzaliwa wa Kisiwa Panza, mrefu, mabega yake yameota sugu kwa mpiko. Amekuwa hamali wa gati hili tangu hajaoa, na sasa ana wajukuu. Wa nyuma ni mwenzake, Silima, mfupi, mcheshi, anayechechemea kidogo mguu wa kulia. Meli ilipoondoka kwenda Wete, walikaa kivulini mwa ghala wakila muhogo na dagaa, na mwandishi akakaribishwa.

"Swali lile limenunuliwa kwa mguu wangu," alisema Silima, akacheka. Mjaka hakucheka.

Usingizi ulimhama Mjaka msimu wa karafuu wa mwaka 1958. Hapakuwa na msiba, wala ugomvi nyumbani. Aliingia kitandani siku moja kama kawaida, akafumba macho, na usingizi haukuja. Kesho yake haukuja tena.

Mkewe, Bi Mize, ana ushahidi wake. "Mie nikigusa mto tu nimekwenda," alisema. "Nikiamka alfajiri namkuta kakaa kitako, macho makavu, ananitazama. Nikamwambia, weye mwanamme wanitisha, tazama ukuta!"

Mtu mwingine angelalamika hadharani, akapewa dawa na kila jirani. Mjaka hakuthubutu. Mpiko ni kazi ya wawili. Wa mbele akiteleza kwenye ubao, mzigo unamrudia wa nyuma. Mnyapara wao, Bwana Mmanga, huwachagua watu wake asubuhi kwa kuwatazama usoni, na aliyechoka hachukuliwi tena kesho. Siku njema ya meli humpa Mjaka shilingi nne. Siku isiyo meli hushona makuti.

"Hamali akisema halali usiku, kazi kaiaga," alisema. "Nikaona bora ninyamaze, nijitibu mwenyewe."

Akajitibu kweli, na kwa udadisi ambao mwandishi hakuutarajia kwa mtu anayeogopa. Alianza na dawa ya kifua, ile ya chupa, nyeusi na tamu. Ilimlaza kidogo kisha ikamwamsha na kiu. Akajaribu vidonge vya kichwa. "Kichwa kikapona," alisema, "nacho hakikuwa kinauma."

Kisha akamwona mwalimu mmoja, abiria wa kwenda Unguja, akimeza kidonge cheupe pale gatini ili asichafukwe na moyo baharini. Meli ilichelewa. Mwalimu akakaa juu ya godoro lake lililofungwa, akapiga miayo, na meli ilipofika alikuwa anakoroma. Mjaka na Silima walimpandisha pamoja na godoro.

"Silima alikuwa anacheka," alikumbuka Mjaka. "Mie moyoni n'na wivu, wallahi. N'kasema, mtu huyu kala nini?"

Vidonge hivyo huuzwa na Bwana Abrahman, mwenye duka la karibu na gati. Havitaki cheti cha daktari, lakini huletwa vichache, naye huwawekea wasafiri. Mjaka alipoviomba, mwenye duka alimwuliza kama anavyomwuliza kila mtu: "Safari lini?"

Mjaka angeweza kusema kweli. Dukani palikuwa na watu, mmoja wao hamali mwenzake. Akajibu, "Meli ijayo, inshaallah. Nakwenda Unguja."

Usiku ule alilala. Mwandishi alimtaka aeleze usingizi wa kidonge unavyokuwa, naye akaweka muhogo chini, akafikiri.

"Si kama wetu," alisema. "Wetu unakuja pole pole. Unasikia mvua, unasikia mtoto wa jirani analia, kisha husikii. Huu unakufunika kama mtu kakutupia jamvi. Huoti. Ukiamka hujui kama ulilala au ulipotea."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi ulimi mkavu, na miguu i mbali. Naiona, lakini i mbali na mie."

Alifurahi hata hivyo. Mtu aliyekuwa hana usingizi kabisa hachagui. Alichosahau ni kwamba Mkoani hakuna safari ya siri. Hamali aliyepandisha watu melini miaka yote hiyo bila kuvuka hata mara moja, leo kanunua vidonge vya bahari! Siku ile ile aliponunua, habari ilifika nyumbani kabla yake.

"Unguja una nani?" Bi Mize alimwuliza mlangoni. Alikwisha kujua, anasema, kwamba mume kaoa.

Halafu zikaja amana. Anayejua visiwa hivi anajua kwamba msafiri hasafiri na mzigo wake peke yake. Mzee Jecha alileta mkoba wa ukili apelekewe dada yake mtaa wa Ng'ambo, Unguja mjini. Bi Mwanapili, jirani wa ukuta kwa ukuta, alileta kopo la samli na doti ya kanga kwa bintiye Mwanabaraka, aliyekuwa akisubiri kujifungua mtoto wa kwanza. Mtu mwingine alileta jogoo hai.

Meli ikaja, ikaondoka. Mjaka akasema safari imesogezwa mbele. Akarudi dukani kwa vidonge vingine, na Abrahman akamwuliza tena, "Safari lini?" Jogoo alifungwa uani kwa mtu aliyemeza dawa ili alale, akawika kila alfajiri karibu na sikio lake.

"Siku hizo hata kidonge kimoja hakikunitosha," alisema. "Nikifumba macho naona samli ya Bi Mwanapili. Kila asubuhi ananiuliza kwa upole, baba, meli bado?"

Akaanza kumeza viwili. Asubuhi moja ya meli, yeye na Silima walikuwa wakipandisha magunia ya karafuu. Silima, kwa mazoea tu, alimsalimu umelalaje. Mjaka akajibu kalala vizuri, na siku ile hakusema uongo, alikuwa kalala kama gogo. Katikati ya ubao ile miguu yake iliyo mbali ikakosea. Gunia likateleza kwenye mpiko, likamwangukia Silima mguuni na kumvunja vidole viwili.

Silima alimwambia mnyapara kwamba ubao ulikuwa na umande.

Mjaka alikwenda kumtazama. Alimkuta kitandani, mguu umefungwa, watoto wamemzunguka. Kabla hajasema neno, mgonjwa akamwomba jambo.

"Nikamwambia, yakhe, nasikia wenda Unguja," alisimulia Silima. "Ukifika mwone kaka yangu. Mwambie mguu wangu umeumia, anisaidie na watoto mpaka nisimame. Lakini usimwambie nani kaangusha gunia. Huyo kaka yangu ana maneno."

Hapo Mjaka akalia. Mtu mzima, mbele ya watoto. Akasema yote: usingizi, dawa ya kifua, vidonge, safari isiyokuwepo, jogoo.

Mwandishi alimwuliza Silima alijibu nini.

"Nilimpigia kelele. Nilikuwa na ghadhabu, na mguu hauniruhusu kusimama nikampiga," alisema, akicheka tena. Kisha uso ukamtulia. "Kilichoniuma si vidole. Miaka yote hii tumebeba mti mmoja, na kila asubuhi namwuliza kalalaje, ananambia vizuri. Basi mie nikimwuliza, nauliza nini?"

Alipompigia kelele za kutosha, akamhukumu: amana za watu hazirudishwi. Safari ya uongo sasa ni ya kweli.

Mjaka alipanda meli na mkoba, kopo, kanga, jogoo na salamu za Silima kwa kaka yake. Vidonge vilikuwa vimekwisha, vyote alivimeza kitandani, na Abrahman alikuwa hana vingine. Hamali wa gati la Mkoani alitapika kutoka Mkoani mpaka Unguja. Mama mmoja alimwonea huruma akampa limau la kunusa. Jogoo alifika ana afya kuliko mchukuzi wake.

Lakini vyote vilifika. Mwanabaraka alipokea samli kabla ya uchungu kumshika. Kaka wa Silima alitoa msaada wake, na maneno yake pia. Yalipomzidi, Mjaka akamwambia mwenyewe kwamba gunia aliliangusha yeye.

Silima aliposimama tena, walikwenda pamoja kwa mnyapara. Bwana Mmanga aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa sharti linalofuatwa hadi leo. Anayesema hakulala hapandi ubaoni siku hiyo. Atafagia ghala na kupanga magunia, kwa nusu ya ujira. Anayeficha, aende zake moja kwa moja.

"Miaka yote nawauliza watu wazima, hamjambo? Wananambia hatujambo," Bwana Mmanga alimweleza mwandishi. "Mmoja ana homa, mmoja hajala tangu jana. Huyu sasa ananambia kweli, nami kweli yenyewe yanitia hasara. Lakini mguu mwengine siutaki."

Vidonge Mjaka hajaviacha kabisa. Hula kimoja mara chache, usiku wa kuamkia siku isiyo meli, ili mwili ukumbuke usingizi ulivyo. Abrahman hamwulizi tena safari lini. Siku hizi humwuliza, "Meli lini?" na akijibiwa kesho, hamwuzii.

Usiku wa mwisho wa ziara yake, mwandishi naye alikimeza kimoja, kwa udadisi tu. Alilala kabla ya kuvua kofia. Asubuhi mwenyeji wake alimwuliza kalalaje, naye, ulimi umemganda kinywani, akajibu upesi kwamba kalala vizuri sana.

Mjaka ana nia. Karafuu zikipungua atakwenda kwa daktari mjini Chake, akaseme kwa kinywa chake jambo linalomsibu. "Sitaki kidonge kikali zaidi," alisema. "Nataka kujua usingizi wangu umekwenda wapi. Nimeutafuta dukani, haumo." Yeye na Silima wanataka pia kununua rikwama, wasukume mizigo nchi kavu na kuuacha ubao kwa vijana.

Meli imerudi kutoka Wete. Mwandishi anapanda ubao na mkoba wake, na kweli miguu i mbali. Mkono mmoja unamshika kwenye kiwiko. Ni Silima.

"Na weye bwana, umelala?"

"Nimelala."

"Kwa kidonge?"

"Kwa kidonge."

Silima anamshika mpaka juu, kisha anarudi gatini. Shehena ya karafuu ni kubwa leo, na ujira wake ni mzuri. Bwana Mmanga amesimama kando ya magunia, mahamali wote wamejipanga. Mpiko umeshapitishwa. Mjaka amekwisha kuinama, bega chini ya mti.

"Umelala?"

Mjaka anautazama ubao. Anawatazama wenzake, na wenzake wanamtazama. Meli inapiga honi ya kuhimiza.

"Sikulala," anasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Anatoa bega chini ya mti, anampisha mwengine, anakwenda ghalani kuchukua ufagio. Silima anamngoja huyo mpya akae sawa. Kabla hawajainua, anamwuliza naye.