Fundo la Papa Idrissa

"Kila siku unasema papa yangu ni muongo, papa yangu ni muongo! Ulimujua wapi, weye? Ulikula naye?" Kadidja alipiga fungu la majani juu ya meza mpaka samaki wa Micheline wakaruka kama waliofufuka. "Miye nimechoka. Leo utaomba pardon, ao hupati jani hata moja."

"Jani nitapata kwa wengine," Micheline akajibu, mikono imo ndani ya pilipili. "Na ya wengine haifungwe na fundo ya uchawi. Niko na bakiriya wanangoja kununua, sina wakati ya kupigana na kamba."

Ndivyo walivyoamkiana asubuhi ile, na usidhani asubuhi nyingine zilikuwa na heri zaidi. Wanawake hawa wawili wamekaa meza kwa meza sokoni Kisangani miaka ishirini na miwili. Kadidja anauza majani, yale mapana ya msituni ambayo bila hayo hakuna liboke ya samaki wala chikwangue, ule mkate wa muhogo. Micheline, mzaliwa wa Yanonge, anachukua samaki alfajiri kwa Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya mto, anawafunga ndani ya majani ya Kadidja pamoja na nyanya, chumvi na pilipili, anawaweka juu ya makaa. Mmoja akikosa, mwingine halali na shibe. Kwa hiyo wanagombana bila woga.

Ugomvi ulimhusu marehemu Idrissa, baba yake Kadidja. Mzee huyo, Mwislamu wa familia za zamani za mji, katika ujana wake alifanya kazi Yangambi, kule ambako Wazungu walikuwa wanakusanya majani ya msitu, wanayakausha, wanayatunza kama watu wengine wanavyotunza dhahabu. Idrissa ndiye aliyekuwa anapanda miti na kushuka na majani mdomoni. Mpaka kufa kwake alikuwa na neno moja: "Jina yangu iko Yangambi. Imeandikwa pa karatasi, pembeni ya jani." Na Kadidja amelirudia neno hilo kwa kila mteja, hata kwa yule aliyekuja kuuliza choo kiko wapi.

"Uliona weye mwenyewe?" Micheline akauliza.

Hapo Kadidja akaanza kupanga upya majani yaliyokwisha kupangwa. Hakuwa ameona. Yangambi ni kama kilomita mia moja tu, naye alikuwa na miaka hamsini na sita bila kufika. Na huyu ndiye mwanamke asiyeweza kuona mfuko unapita bila kuuliza una nini, na akiambiwa, anataka kuchungulia. Mfuko huu mmoja hakuwahi kuufungua. Aliogopa kuukuta mtupu.

"Bon," akasema. "Tunaenda."

Nyota, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amesimama pale akingoja liboke yake. Wakamfanya shahidi. Jina likipatikana, Micheline atatoa mboto mzima, mnene, samaki wa sikukuu. Lisipopatikana, Kadidja hatamtaja tena baba yake pale sokoni.

"Hata mara moja," Micheline akasema.

"Hata mara moja," Kadidja akasema, akatoa mkono.

Nyota naye akasema hawezi kuachwa. Alikuwa amefundisha historia miaka kumi na minane kutoka kitabu kisicho na picha. Gari likapatikana kwa Carlos, shemeji ya Micheline, mwenye pikapu ya kubebea makaa. Jumamosi wakaondoka, weupe wa nguo zao ukiisha kwa vumbi kabla hawajatoka mjini.

Nyota alitaka waanze kwa kwenda kwa Wagenia, kama wageni wanavyofanya, watazame zile nguzo zilizosimamishwa katikati ya maji makali na mitego inavyoning'inia.

"Pale ninapotukanana na batu kila asubuhi?" Micheline akasema. "Ile haiko historia. Ile iko kazi."

Kwa hiyo wakashika barabara. Walipofika mto Lindi wakapanda kivuko. Kadidja akataka kujua mashine inageuzwaje. Akauliza, akajibiwa, hakutosheka, akainama kuangalia, na kiatu chake kimoja kikaenda na maji bila kuaga. Carlos akamvulia kandambili yake, kubwa kama jahazi. Kuanzia hapo Kadidja alitembea safari nzima na mguu mmoja wa mama na mguu mwingine wa dereva.

Mbele kidogo tairi likapasuka.

"Tairi ya akiba iko wapi, tonton?" Nyota akauliza kwa upole.

"Iko salama," Carlos akasema. "Iko kwa cousin yangu."

Micheline akamwambia shemeji yake maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa kuna watoto wanaojua kusoma. Kadidja akaenda nyuma ya pikapu. Alikuwa amebeba mafungu sita ya majani, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Akateremsha manne. Wakayashindilia ndani ya tairi, jani juu ya jani, mpaka likavimba. Kisha Kadidja akalizungushia kamba za pori pamoja na chuma chake, na kila mahali akapiga fundo lile alilofundishwa na baba yake: masikio mawili kama ya mbuzi, na mkia mfupi katikati. Ukivuta sikio linakaza. Ukivuta mkia linakaza zaidi. Lazima kwanza ukunje sikio la kulia, upitishe chini, ndipo uvute mkia, na lote linaachia mara moja. Sokoni kote hakuna mwingine anayelijua.

Pikapu ikaenda ikichechemea kama mzee mwenye jipu, lakini ikaenda.

"Donc ile fundo ya shetani iko na faida," Micheline akasema.

"Haiko ya shetani. Iko ya papa."

"Kwa leo bado una ruhusa ya kusema."

Walifika Yangambi jua likiwa utosini. Nyota akaandika mpaka kalamu ikaishiwa wino. Barabara zilizopangwa chini ya miti mikubwa, majumba ya matofali yaliyoingiwa na nyasi, na juu ya paa moja, bomba la moshi la meko ya kuotea moto. Wote wanne walisimama chini yake, jasho likiwatiririka.

"Moto ya nini, hapa?" Kadidja akauliza.

"Labda walikuwa wanakumbuka kwao," Nyota akasema.

"Basi wangekaa kwao, wangeota vizuri."

Jumba la kuhifadhia majani lilitunzwa na papa Émile, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mpole kama mtu aliyezoea kuishi na vitu vinavyovunjika. Akawapokea, akapokea na mafungu mawili yaliyosalia, akayanusa. Kisha akafungua makabati. Humo ndani kila karatasi ilikuwa na jani lake, limelala kama mgonjwa, na pembeni maandishi. Kadidja hakujua aanze kutazama wapi. Akauliza hili la mti gani, lile la dawa gani, hili linatiwa kwenye chakula? Akasahau kwa nusu saa kilichomleta.

Micheline hakusahau. "Jina," akasema.

Nyota akasoma. Karatasi kumi, hamsini, zaidi ya mia, zote za miaka ile ya ujana wa Idrissa. Jina la Mzungu, tarehe, mahali. Jina la Mzungu, tarehe, mahali. Papa Émile akaleta na madaftari, akateremka na kidole toka juu mpaka chini. Hakuna Idrissa.

"Soma ile tena," Kadidja akasema.

"Mti wa mita thelathini na tano," Nyota akasoma. "Maua meupe, juu kabisa."

"Na nani alipanda?"

Papa Émile akavua miwani. "Haikuandikwa, mama."

Kadidja akakaa chini. Carlos akatoka nje kwenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na la kuangaliwa. Micheline alikuwa ameshinda, na ungetegemea mdomo ule ufanye kazi yake. Lakini alikuwa ameinua kichwa, anatazama juu ya kabati la mwisho.

"Papa, kule juu ni nini?"

"Mafungu ya zamani. Yamekaa hivyo tangu sijafika. Kamba zake hazifunguki. Walisema nikate, nikaona huruma, kwa sababu ukikata vibaya unavunja jani."

"Teremusha moja."

Akateremsha. Gazeti la rangi ya chai, kamba kavu ya pori, na juu yake masikio mawili na mkia mfupi.

"Nzambe," Micheline akasema. "Ile fundo ninaijua. Imevunja kucha zangu zote miaka makumi mbili." Akamsukumia Kadidja. "Fungua, wee. Unangoja nini?"

Kadidja akalowesha kamba kwa ncha ya kidole, maana ilikuwa kavu. Akakunja sikio la kulia, akalipitisha chini, akavuta mkia. Fundo likaachia taratibu, kama mtu anayefumbua macho. Ndani mlikuwa na majani matano ya kahawia, hakuna lililovunjika. Alitazama kila upande wa gazeti, akageuza, akageuza tena. Jina halikuwepo. Wakateremsha yote kumi na moja, akayafungua yote. Halikuwepo. Akamfundisha papa Émile fundo, naye mzee akalipiga mara saba kabla hajalipata.

"Siwezi kuandika jina kwa sababu ya fundo tu, mama," mzee akamwambia kwenye mlango. "Lakini nitawauliza wakubwa."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Kadidja alisema mara moja tu, pale kivukoni, na alisema kuhusu kiatu.

Jumatatu akapanga majani yake. Wateja wakamuuliza habari za safari, akasema barabara ni mbaya. Siku tisa zikapita hivyo. Sokoni palikuwa kimya, samaki waliiva bila matusi, na Micheline alianza kukosea chumvi. Siku ya kumi akaja mama mmoja mgeni, akahangaika na fungu, akacheka: "Nani alikufundisha fundo ya namna hii?"

Kadidja akafungua mdomo. Akaufunga. Akaanza kulifungua fungu mwenyewe.

"Papa yake!" Micheline akapiga kelele kutoka meza ya pili. "Papa Idrissa! Alifanya kazi Yangambi, alipanda miti ya mita thelathini na tano, na fundo yake iko kule mpaka leo, niliona na macho yangu. Mutu asiyeamini, aende aone!"

Mama mgeni akalipa haraka, akaondoka. Kadidja alikuwa anamtazama Micheline.

"Niko na ahadi kwako," akasema. "Nilishindwa. Jina haikukuwa kule."

"Nyamaza."

Kesho yake Micheline alichelewa kutoka Wagenia. Alipofika hakusalimia. Aliwasha makaa, akapika kitu kimoja tu, na saa sita akakiweka mbele ya Kadidja: liboke kubwa kuliko mkono, mboto mzima ndani yake, na juu kamba imefungwa masikio mawili na mkia.

Kadidja akakunja sikio la kulia, akapitisha chini, akavuta. Likakaza. Akajaribu la kushoto. Likakaza zaidi.

"Nani alifunga hii?"

"Miye. Usiku muzima nilijaribu."

"Umeweka sikio pahali ya mukia."

"Kula, wee, mutoto ya Idrissa. Itapoa."

Kadidja akachukua kisu cha Micheline, akaikata kamba, akamgawanya mboto katikati. Sehemu ya kichwa, ile tamu zaidi, akabaki nayo mwenyewe.