Wifi Yangu na Kikao cha Makosa

Wifi yangu anaitwa Msumeno, na jina hilo hakupewa na maadui zake. Tulimpa sisi wakunga wenzake, kwa sababu hukata akienda na hukata akirudi. Ukimwambia umechoka, atakuuliza umechoshwa na nini. Ukimtajia, atakwambia hicho sicho kilichokuchosha. Kaka yangu alimwoa miaka ishirini na moja iliyopita, kwa hiyo hata nikifanikiwa kumkwepa kwenye mambo ya kazi namkuta jikoni kwa mama yangu, ananifundisha kumenya vitunguu, mimi niliyekulia katika jiko lile.

Zamani tulifanya kazi wodi moja. Siku hizi yeye yuko kituo cha afya cha upande wa pili wa mji, chenye vitanda vitatu vya kujifungulia na tangi la maji linalovuja tangu lilipofungwa. Mimi ni msimamizi wa chumba cha uzazi kwenye kituo kikubwa zaidi. Wifi ni mfupi, mwembamba, na wazazi, yaani wanawake wanaojifungua, humwomba kwa jina kwa sababu ya mikono yake midogo. Kalamu yake ameifunga kwa uzi shingoni. Anasema wakunga ni wezi wa kalamu, na kwa hilo simpingi.

Mwaka juzi ilimjia akilini kwamba wakunga wa vituo saba vya mji huu tuwe na umoja wa kusaidiana. Mkunga akikwama awe na mwenzake wa kumpigia, akiumia moyo awe na mtu wa kumsikiliza. Wazo zuri, nani angelikataa? Tukafungua kundi la simu. Wiki mbili hazijaisha, kundi limejaa maua ya waridi, dua za asubuhi, dua za jioni, na mmoja anayeuza mashuka. Siku moja mwenzetu akauliza kituo gani kina dawa ya kuzuia damu, maana kwake imekwisha na ana mzazi kitandani. Alijibiwa "Amina" mara nne. Dawa aliipata kwa kumpigia dereva wa gari la wagonjwa, anayepita vituo vyote.

Mtu mwingine angelifunga lile kundi akapumzika. Msumeno akaongeza na kikao.

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, tunakutana kituoni kwake, kwenye chumba cha kufundishia wajawazito. Kuna viti vya plastiki, mzani wa watoto unaoning'inia dirishani, na nyonga ya plastiki ya kuonyeshea mtoto anavyopita. Sheria aliitunga yeye. Kila kikao kinaanza na mmoja wetu kusimulia kosa lake mwenyewe, la kazini, la kweli. Wengine wanaruhusiwa kuuliza, lakini hawaruhusiwi kutoa ushauri. Atakayesema "mimi ningefanya hivi" anapakatishwa ile nyonga mpaka kikao kiishe.

Sasa mkataze mkunga kutoa ushauri uone. Kikao cha kwanza nyonga ilipita mapaja sita. Na makosa yenyewe, jamani. Wa kwanza alisema aliwahi kusahau kusaini rejista. Wa pili aliwahi kwenda nyumbani na ufunguo wa kabati. Wa tatu, mama mmoja mzito wa kituo cha sokoni, alisema kosa lake kubwa ni kwamba anajituma kupita kiasi. Msumeno alimwangalia mpaka yule mama akaanza kujikuna shingo.

Mwaka ukaisha hivyohivyo. Wakunga ishirini na wawili, kila mmoja ameshika damu na vichwa vya watoto miaka nenda miaka rudi, na kwa makosa tuliyosimulia ungedhani sisi ni makarani wa posta.

"Mficha uchi hazai," Msumeno alituambia siku moja, kalamu inamruka kifuani kwa hasira. "Kila siku mnawaambia wanawake hivyo. Nyinyi je?"

Tukasema ndiyo, kweli kabisa, huku tunatazama saa.

Na mimi nilikuwa katika hao hao. Zamu yangu ilipofika nilisimulia kwamba niliwahi kuweka sinia la vifaa vilivyochemshwa kwenye rafu ya vichafu, nikagundua kabla hakijatumika hata kimoja. Niliona nimesimulia vizuri. Wifi aliandika kwenye daftari lake, akasema, "Asante, wifi," kwa sauti ya mtu anayepokea chenji pungufu.

Pale kwangu kuna mkunga tunayemwita Mgeni. Ana miaka miwili nasi lakini jina limemganda. Sauti yake ni ya chini, na mzazi anayepiga kelele, Mgeni akimshika mgongo, hunyamaza. Asubuhi moja, wiki tatu kabla ya kikao ninachotaka kukisimulia, kichwa cha mtoto kilitoka na mabega yakakwama. Mgeni aliita msaada papo hapo. Alimkunja mzazi magoti mpaka kifuani, akafanya yote tuliyofundishwa, moja baada ya jingine. Mtoto alitoka, akalia, ila mkono wa kulia ulikuwa umelegea. Daktari alisema huenda ukapona, huenda usipone. Hakuna aliyemlaumu Mgeni. Hakuna aliyemwambia lolote.

Wiki mbili baadaye nilimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameshika bahasha.

"Naacha ukunga, dada," akasema. "Barua hii nampelekea matroni Jumatatu baada ya kikao. Binamu yangu ana duka la vifaa vya shule, anatafuta mtu wa kukaa kaunta."

"Miaka yote ile ya chuo, ukauze madaftari?"

"Daftari halikwami."

Nilimpa ushauri wa dakika ishirini. Nilimwambia atazoea, nilimwambia kazi ndivyo ilivyo, nilimwambia hakuna marefu yasiyo na ncha. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua ikatike aondoke. Nilitoka pale nimechukia, na sikujua namchukia nani. Mkunga mzuri kama yule unampata mara moja katika miaka kumi.

Jumapili nikaenda kwa mama. Naye Msumeno yuko jikoni, kisu mkononi, na habari za Mgeni ameshazipata.

"Wifi," akasema, bila hata kunisalimu, "mwambie yako."

"Ipi?"

"Usinichezee."

Nilijua ni ipi. Miaka kumi na tisa iliyopita, katika ile wodi yetu ya zamani, kichwa kilitoka na mabega yakakwama mikononi mwangu. Wakati ule mkunga aliyeita msaada kichwa kikiwa nje alichekwa kwenye chumba cha chai wiki nzima. Basi mimi nikavuta pazia. Nilivuta pazia ili wenzangu wasione, nikabaki na mzazi yule peke yetu, nikahangaika na mtoto. Nilipoita, nilikuwa nimechelewa. Alikuwa mtoto wa kiume. Hakulia.

Hilo sijawahi kulisema kwa mtu. Mume wangu na wifi wanajua kwamba mtoto alifariki. Habari za pazia hawazijui.

"Umekaa miaka kumi na tisa," nikamwambia wifi, "ili uje unitie kidole jichoni jikoni kwa mama yangu?"

"Yule binti anaondoka Jumatatu baada ya kikao. Anadhani ni yeye peke yake duniani."

"Na wewe lako liko wapi? Kila mwezi unatukamua kama nguo mbichi, kosa, kosa, kosa. Mbona lako hatujalisikia hata siku moja?"

Msumeno aliendelea kukata vitunguu, vidogo kuliko vilivyohitajika. Mama akauliza kutoka sebuleni kama tunagombana, tukajibu kwa pamoja kwamba hatugombani. Nilikuwa nimemshinda, na nilirudi nyumbani na hasira nyingi kuliko nilizokwenda nazo.

Alhamisi ikafika. Mgeni alikaa kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, na nilijua kilichomo. Alikuja kwa heshima tu, kutuaga bila kusema anaaga. Msumeno alifungua daftari akauliza nani anaanza. Mmoja akakohoa. Mama wa kituo cha sokoni akanyoosha mkono, akasema yeye aliwahi kubandika lebo juu chini.

"Mama, kaa," nikasema, na nikajikuta nimesimama.

Sikusimulia vizuri. Nilianza na hali ya hewa ya siku ile, nikaenda kwenye uhaba wa watumishi, nikajisikia nikijitetea mbele ya watu ambao hawajanishtaki. Nikakasirika na nafsi yangu, nikaanza upya. Nikasema kichwa kilitoka. Nikasema nilivuta pazia, na kwa nini nililivuta. Nikasema mtoto alikuwa mzima mpaka dakika ile na alikufa kwa sababu niliogopa kuchekwa kwenye chai. Nilipomaliza hapakuwa na aliyesema "mimi ningefanya hivi". Nyonga ya plastiki ilikaa mezani.

Mgeni ndiye aliyeuliza.

"Baada ya hapo ulikwenda nyumbani, dada?"

"Hapana. Zamu ilikuwa imebakiza saa mbili. Nilizalisha mwingine."

"Na ulipomaliza zamu, nani alikaa nawe?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema hakuna. Msumeno akawahi.

"Mimi ndiye niliyepokea zamu," akasema. Alikuwa ameifumbata kalamu yake kwa mikono miwili. "Nilishaambiwa getini. Niliingia, nikamkuta wifi yangu ameegemea sinki, maji yanatiririka, hanawi. Nami sikujua la kusema. Nikamuuliza boksi la glavu liko wapi. Akanionyesha. Nikachukua glavu nikaenda kwa wazazi. Jumapili yake tukakaa meza moja kwa mama mkwe, nikampakulia chakula. Sikuwahi kumuuliza kitu. Ndilo kosa langu, na hiki kikao nimekianzisha kwa sababu yake, na nimeshindwa kulisema mwaka mzima."

Mimi nilikuwa silikumbuki lile swali la glavu. Nalikumbuka sinki. Niliketi. Nilitaka kumkasirikia, miaka yote ile ya kunikata mbele na nyuma, kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kuingilia. Hasira haikuja, na hilo nalo likaniudhi.

Mgeni alikuwa ananitazama.

"Dada, niseme?"

"Sema."

"Siku ile yangu, mtoto alipopelekwa kwa daktari, mimi nilikaa kwenye kigoda pale pembeni. Wewe uliingia. Uliniangalia. Ukaniuliza kama nimeshajaza rejista."

Chumba kizima kikanigeukia.

"Nilisema hivyo?"

"Ndiyo. Nikasema bado. Ukasema nijaze kabla sijasahau saa. Nikanyanyuka nikajaza."

Hakuisema kwa ubaya. Angeisema kwa ubaya ningepata pa kushika. Nilijaribu kukumbuka nikaona kigoda, nikaona rejista, uso wake sikuuona. Mimi niliyejua kuliko wote mle ndani binti yule alikuwa katika hali gani, niliingia, nikauliza rejista, nikatoka.

"Samahani, mdogo wangu," nikasema. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikuwa na ushauri.

Aliinama. Akalia pale kwenye kiti cha plastiki, mkoba umebanwa tumboni, na Msumeno akaenda kukaa chini sakafuni karibu na miguu yake. Baada ya muda yule mama wa kituo cha sokoni akasema kwamba habari ya kujituma ilikuwa uongo, na kwamba na yeye ana lake. Kikao kilikwisha saa kumi na mbili kasoro, na waliosimulia walifika watano.

Jumatatu ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Saa moja kasoro robo asubuhi nilikuwa nimeshasimama mlangoni pa chumba cha uzazi, bila sare. Mlinzi akaniuliza nimesahau nini, nikamwambia ashughulike na geti lake. Mgeni akaja na mkoba uleule. Aliponiona akasimama.

"Dada, leo huna zamu."

"Najua. Umelalaje?"

Akafikiri. "Vibaya."

Nikavuta kigoda kile cha pembeni, nikavuta na kingine, tukakaa. Wa zamu ya usiku alikuja na rejista mkononi akitaka kukabidhi, nikamwambia asubiri. Akasonya, akasubiri. Mgeni aliongea, mimi nilisikiliza, na kila ushauri ulioniwasha ulimini nikaumeza. Alipomaliza aliosha mikono akaingia kwa mzazi wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa amekaribia. Baadaye nikasikia mtoto analia.

Barua sijui aliipeleka wapi; kazini bado yupo. Sijamuuliza. Maswali ya kipuuzi niliyomuuliza yule binti yanatosha.