Flashi ya GB 8 Isiyofika 8

Jamani, leo nimemwacha bibi yangu studio kwa sababu hakuenea kwenye flashi.

Niko Ikungi barabarani, nasubiri gari la kurudi Singida Mjini. Kukaa siwezi.

Asubuhi nilikwenda studio ya pale stendi ya Singida kufuata sauti za babu, alizorekodi kwenye kanda enzi za kijiji cha ujamaa. Fundi ameshaziingiza kwenye kompyuta. Zote GB 7.8.

Nikatoa flashi yangu mpya, GB 8. Si zinaenea?

Ikagoma! Kompyuta inasema flashi ina 7.4 tu.

Nikaanza kumlaani muuzaji. Fundi akacheka.

"Dada, hujaibiwa. Kiwandani kila hatua, KB, MB hadi GB, wanazidisha kwa 1000. Kompyuta yangu inazidisha kwa 1024."

Basi linapiga honi. Shangazi ananisubiri Mkiwa. Nikamwambia fundi aache ile rekodi ya kelele tu, watu wanapura mtama. Hotuba za babu zibaki zote.

Njiani nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi. Nakuja na sauti za babu."

"Marahaba. Ya kupura mtama umeibeba? Bibi yako hakuwahi kusema mkutanoni. Anasikika humo tu, anacheka."

Nilishuka hata konda hajaelewa.

Kanda yenyewe ilishakatika. Na fundi aliniambia kazi ikishachukuliwa, anaifuta apate nafasi.

Nampigia. Inaita tu, hapokei.

Aliye karibu na stendi ya Singida, nakuomba, kimbia studio. Mwambie asifute kicheko cha bibi.