Dungu Nililolikataa

Siku yangu ya kwanza katika mazraa, lile shamba la wanyama nje ya Doha, sikupewa hata chai. Nilikuwa nimetoka kulinda mlango wa hoteli pale Al Sadd, na kabla ya hapo nilikuwa askari wa wanyama kwetu Taita. Mkuu wa wanyama wa wakati ule, Msudani mkali mwenye sauti ya upole, alinipeleka jangwani moja kwa moja akaniuliza, "Ya Mwakio, upepo unatoka wapi?" Nikaonyesha. "Taib. Swala naye anajua hivyo hivyo. Yalla, kazini."

Ninyi vijana kazi hiyo hamuijui, kwa hiyo nieleze. Baridi ikikaribia, madume ya swala huingia msimu wa kupandana. Dume hujitwalia kiwanja, hukitia alama kwa kunya pahali pamoja kila siku, na hafikirii chakula wala hatari. Anafikiria majike tu, kama baadhi yenu ninaowaona Ijumaa. Wakati huo ndipo tulipowadunga wengine kishale cha dawa ya usingizi, tukawahamishia zizi jingine ili ndugu wasizae na ndugu.

Kazi yote ilitegemea mahali pa dungu, yaani kibanda anachojificha mpiga kishale. Upepo utoke kwa swala uje kwako, asinuse harufu yako. Jua liwe mgongoni. Dungu lielekee lile rundo la mavi, maana lazima atarudi hapo. Na zaidi ya yote liwe mbali na ua wa waya, kwa kuwa swala aliyedungwa hukimbia kabla dawa haijamlaza, na akiuvamia waya anavunjika shingo. Langu nililijenga nyuma ya kilima kidogo cha mawe. Misimu yote ya yule Msudani hatukupoteza mnyama.

Msudani akarudi kwao, akaletwa mkuu mpya, mudir kama wanavyomwita, bwana wa kuvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Msimu wake wa kwanza, mwenye shamba alisema angekuja na wageni kuona dume mkubwa akidungwa. Mudir akaniita.

"Hamisha dungu. Weka pale kwenye ua, karibu na lango."

"Mudir, pale swala atauvamia waya."

"Wageni wanataka kivuli, wanataka kahawa. Kule kwako mawe yatatoboa tairi. Khalas."

Nikamgeukia daktari wa wanyama, ambaye ndiye aliyeshika bunduki ya vishale. Yule hakuwa mjinga. Habari ya waya tuliizungumza mara nyingi, na mengine alinifundisha yeye. Akakohoa, akasema, "Mzee, fanya kama mudir anavyotaka." Nilikataa kugusa hata ubao mmoja. Wakalijenga bila mimi.

Wageni waliketi kwenye mazulia. Kishale kikampata dume pajani, akaruka. Mbele yake magari, kushoto watu wanapiga makofi, akaugeukia ua kwa mbio zake zote. Mlio wa ule waya ninausikia hadi leo. Mwenye shamba akainuka, uso umembadilika, akauliza ni nani aliyechagua mahali pale.

"Mkenya," mudir akajibu. "Mwakio."

Nilimtazama daktari. Alikuwa anaifuta bunduki yake, anaifuta tu, bunduki isiyo na hata vumbi. Nikapaza sauti, "Si kweli! Dungu langu liko kule, nyuma ya mawe!" Mwenye shamba alikuwa ameshapanda gari. Watu husema mnyonge hana haki, nao husema kana kwamba Mungu ndiye aliyeamua. Nani kawaambia? Waliamua wale waliosimama pale wakameza ndimi zao, nami nina hasira nao mpaka kesho.

Niliondolewa kwa swala nikawekwa langoni kufungulia magari hadi nilipostaafu. Siku ya kuagana daktari alinivuta kando akaniambia, "Mzee, nina watoto." Kana kwamba mimi nilizaa mawe! Sasa naishi Al Thumama, huku huku Doha, kwa binti yangu, muuguzi, na Ijumaa tunaenda ibada kanisani, Mesaimeer.

Ijumaa iliyopita, baada ya ibada, dereva mmoja wa kwetu aliniambia anafanya kazi katika mazraa ile ile. Nikamuuliza madungu wanayaweka wapi siku hizi.

"Nyuma ya mawe, mzee. Ile inaitwa dungu la mudir. Hapo hatujawahi poteza mnyama."

"Na pale kwenye ua?"

"Hapo kwa fensi? Zii! Ukianza job unaonyeshwa hapo kwanza, unaambiwa usiwahi weka dungu hapa. Tunapaita Kwa Mwakio. Eti kuna mzee hakujua kazi, akaua dume."

Nilikuwa na chai mkononi. Nikaiweka chini, nikamshika yule dereva bega, nikamwambia jina langu, kisha nikamtaka alitamke kwa sauti, pale pale, mbele ya watu wote.